Shida ya Pakingi Bomet Si Nafasi, Ni Gari Linalolala

Wale mmezoea niwaletee vichekesho vya makanga na mambo ya mursik, leo mnivumilie kidogo. Leo naongea pakingi.

Najua vile mtu akisikia pakingi anafikiria ni maneno ya wenye magari. "Mimi sina gari, hiyo inanihusu nini?" Inakuhusu, tena wewe usiye na gari inakuhusu zaidi. Wacha nianze na kogo wangu, utaelewa.

Mwezi wa kumi uliopita, wiki ya bonasi, nilitoka Silibwet na kogo tukija mjini. Mnajua vile mji huwa wiki hiyo. Kuna aliyekuja kulipa deni la duka, kuna aliyekuja kununua mabati, kuna aliyekuja kumalizia karo, na kuna aliyekuja tu kuonekana ana pesa. Probox tuliyopanda ilikuwa imejaa vile Probox hujaa, sitaji tulikuwa wangapi. Kufika mjini ikashindwa kuingia ndani. Kila mahali pa kusimama pamechukuliwa. Dere akaona asipoteze muda, akasimama kando ya barabara kuu, gari nusu kwa lami, nusu kwa changarawe. "Kogo, shuka chap chap, nyuma kuna lori."

Kogo amepita miaka sabini, na goti lake moja halikunji vizuri. Mlango wa upande wa salama haukufunguka kwa sababu nje kulikuwa na magunia ya kabeji ya mama mmoja anayeuzia hapo. Kwa hivyo kogo akashukia upande wa lami. Lori lilipita. Hata sikuliona vizuri, nilihisi tu upepo wake, na leso ya kogo ikaruka mpaka kwa mtaro.

Hakuumia. Nilimwokotea leso yake, akajifunga, akaniuliza: "Huu mji unataka kuniua kabla sijakula bonasi yangu?" Tulicheka, yeye, mimi na yule mama wa kabeji. Lakini usiku sikucheka, maana nilikumbuka Londiani.

Tarehe 30 Juni 2023, Ijumaa jioni. Ukitoka huku ukienda Nakuru kwa njia ya Kericho, lazima upite Londiani Junction. Siku hiyo trela lilipoteza mwelekeo likaingia kwa matatu zilizosimama, kwa pikipiki, kwa watu waliokuwa wanangojea gari, na kwa akina mama waliokuwa wanauza bidhaa zao kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Baadhi yao hawakuwa safarini hata. Walikuwa kazini, kwa kibanda, wanatafuta pesa ya unga.

Baada ya hapo, Waziri wa Barabara wakati huo, Kipchumba Murkomen, alitangaza kwamba masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Na ni sawa, mtu hafai kuuza nyanya mahali trela linaweza kumfikia. Lakini nikuulize, ni mara ngapi umeona vibanda vinaondolewa kando ya lami, mahali popote Kenya hii, na baada ya miezi michache vimerudi? Kila mara tunasema ni ukaidi wa wauzaji. Mimi nasema tunaanzia mwisho wa hadithi.

Biashara ndogo hufuata miguu. Mama wa kabeji hakuchagua changarawe kwa sababu anapenda vumbi la malori. Alichagua hapo kwa sababu hapo ndipo watu wanashuka. Watu wanashuka hapo kwa sababu hapo ndipo gari limesimama. Na gari limesimama hapo kwa sababu ndani ya mji hakuna pa kusimama.

Sasa swali linabaki moja: kwa nini ndani hakuna pa kusimama?

Jibu la haraka ni kwamba mji ni mdogo na magari yameongezeka. Kuna ukweli hapo. Mpaka mwaka wa 1992 hatukuwa hata wilaya, tulikuwa sehemu ya Kericho. Mwaka wa 2013 kaunti zikaanza kazi na Bomet ikawa makao makuu ya kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 875,689. Ofisi zikaja, benki zikaja, wanafunzi wa chuo wakaja, magari yakaja. Barabara za ndani ni zilezile, na upana wake ni uleule.

Lakini hilo jibu halinitoshi, kwa sababu nilienda kujionea. Asubuhi moja nilikaa kwa hoteli inayotazama mojawapo ya barabara zetu za ndani, nikaagiza chai na mandazi, nikatoa daftari. Kila baada ya nusu saa niliandika namba za plate za magari yaliyokuwa yamesimama mbele yangu. Ni hivyo tu, hauhitaji digrii. Plate ikijirudia, gari halijatoka.

Siku moja si utafiti, kwa hivyo sitajifanya nina takwimu. Lakini nilichokiona kilinifungua macho. Nafasi nyingi zilikuwa na magari yaleyale kuanzia saa mbili asubuhi mpaka nilipochoka saa saba mchana. Hayakuwa ya wateja. Wateja niliwaona: wanakuja, wanazunguka mara mbili, wanakosa, wanaenda kusimama vibaya kwa kona, au wanaondoka kabisa. Yale yaliyokaa yalikuwa ya watu wanaofanya kazi hapo.

Na hii ndiyo ilinimaliza. Niliingia duka moja kununua chaja nikamuuliza mwenyewe, mzee, biashara iko aje? Akaniambia, "Kijana, biashara imeanguka. Wateja hawapati pa kusimama." Nikatazama nje. Gari lililokuwa mbele ya mlango wake lilikuwa lake. Lilikuwa limelala hapo tangu asubuhi.

Sikumwambia kitu. Ni mzee, na chaja alinipunguzia bei.

Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua nafasi moja ya gari kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi. Gari moja likilala hapo, nafasi imehudumia mtu mmoja. Kila gari likikaa saa moja, nafasi ileile imehudumia watu kumi. Likikaa nusu saa, ishirini. Hatujanunua shamba, hatujabomoa nyumba, hatujamwaga lami hata ndoo moja, na mji umeongezeka.

Ndio maana nasema shida yetu si nafasi. Shida ni muda.

Na vile tunatoza ada tunafanya mambo yawe mabaya zaidi. Miji mingi ya Kenya inatoza pakingi kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi 50. Mama aliyekuja kununua dawa ya mtoto kwa dakika kumi analipa 50. Aliyelaza gari kutoka asubuhi mpaka jioni analipa 50. Yaani anayepita haraka ndiye anamlipia anayelala. Na ukishalipa ya siku nzima, kuna sababu gani ya kutoka? Umeshanunua kitanda, lala.

Kuna profesa mmoja Mmarekani, marehemu Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA, aliyetumia karibu maisha yake yote kuchunguza pakingi. Mwaka wa 2005 alitoa kitabu kizima, The High Cost of Free Parking. Wazo lake moja ni rahisi sana: ada ya pakingi iwekwe kwa kiwango ambacho kila mtaa unabaki na nafasi moja au mbili wazi wakati wowote. Mtaa ukijaa mpaka watu wanazunguka, ada ya hapo iko chini sana. Mtaa ukiwa mtupu, ada iko juu sana. Kazi ya ada ni kuwafanya watu wasogee. Kujaza mfuko wa mtu si kazi yake.

Na alipenda kutoa mfano wa Old Pasadena, huko California. Ulikuwa mtaa uliochoka, wenye maduka wanalia kama sisi. Mwaka wa 1993 jiji likataka kuweka mita za pakingi, wenye maduka wakakataa katakata: mtatufukuzia wateja! Wakakubaliana kwa sharti moja, kwamba pesa ya mita itumike pale pale. Ikaenda kwa njia za waenda kwa miguu, kwa miti, kwa usafi, kwa vichochoro. Wateja wakarudi. Wale wale waliokataa mita ndio wakaona faida yake.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe, unatuletea California na hapa ni Bomet." Sawa. Sisi hatuhitaji mashine za California. Tuna M-Pesa. Mtu akilipa kwa simu, saa imeandikwa palepale kwa meseji. Kutoza kwa saa si teknolojia ngumu kwa nchi inayonunua hata mandazi kwa simu. Kitu kigumu ni lile sharti la Pasadena, kwamba pesa ionekane.

Hapo sasa ndipo nawaelewa wenzangu mnaosema kila ada ni ya kuliwa tu. Ukilipa kila siku na mtaro uleule unafurika kila mvua, utaacha kuamini. Lakini kukataa ada hakurekebishi mtaro. Kinachorekebisha ni kuuliza kwa sauti: barabara hii imeleta ngapi mwezi huu, na imerudishiwa nini? Ibandikwe kwa ubao sokoni, kila mtu asome. Kama taa moja ya barabarani imewekwa kwa pesa ya pakingi, iandikwe hivyo kwa mlingoti.

Sasa, nani ana kazi hii? Hapa watu huchanganyikiwa, na kuna wenye hupenda tuchanganyikiwe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na pakingi, na usafiri wa umma. Kwa hivyo pakingi ya ndani ya mji na steji ni za kaunti. Lakini barabara kuu inayotoka Narok, inapita hapa, inaenda Kaplong, Sotik mpaka Kisii, hiyo ni barabara ya kitaifa, na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, iliyoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007.

Unaona shida? Gari linalolala ndani ya mji ni la kaunti kushughulikia. Gari linalosukumwa nje kwa sababu ya hilo linaenda kusimama kwa barabara ya KeNHA. Mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole mpaka kesho. Na katikati ya vidole viwili kuna kogo anashukia upande wa lami.

Tena barabara hiyo ndiyo njia ya ambulansi. Mgonjwa akitoka upande wa Sotik akipelekwa hospitali ya rufaa ya Longisa, lazima apite hapa Bomet. Probox mbili zikisimama nusu kwa lami na lori likiwa katikati, hiyo king'ora italia tu. Kwa hivyo tukiongea pakingi tunaongea pia mama aliye na uchungu wa kuzaa nyuma ya hiyo ambulansi.

Mimi napendekeza hivi, na mko huru kunipinga.

Kwanza, barabara za ndani zenye maduka ziwe za muda mfupi. Dakika za kwanza, tuseme ishirini, ziwe bure ili mtu anunue dawa aende. Baada ya hapo ulipe kwa saa, na kila saa iwe ghali kuliko iliyotangulia. Hakuna haja ya kufunga mtu gari kwa minyororo na kugombana naye barabarani. Bei itamwambia asogee.

Pili, sisi tunaokaa siku nzima, wenye maduka, wa ofisini, walimu wanaoacha gari wakienda semina, tutafutiwe uwanja wa pembeni, bei ya chini kabisa, penye mlinzi na taa. Kutembea dakika tano hakujaua mtu. Watoto wetu wanatembea zaidi ya hapo kwenda shule, na mtaani tunajisifu sisi ndio nyumbani kwa wanariadha.

Tatu, nafasi zitakazopatikana ndani wapewe kwanza wanaobeba watu wengi. Nafasi moja ya gari ni kama mita 2.5 kwa 5. Hapo gari la mtu binafsi linaleta mtu mmoja. Matatu inashusha kumi na wanne, inatoka, nyingine inaingia. Pikipiki zinatosha kama tano. Vijana wa boda tumewaita wasumbufu tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008 zikawa nyingi, lakini ni miaka mingapi sasa, na ni miji mingapi imewachorea mahali pao rasmi, penye kivuli? Huwezi kumnyima mtu mahali pa kusimama halafu umlaumu kwa kusimama popote.

Nne, steji isipelekwe mbali kwa sababu huko kuna ardhi ya bure. Nairobi wamejaribu kwa miaka kutoa matatu katikati ya jiji. Wakajenga Muthurwa, kisha Green Park pale ilipokuwa Railways Club, na bado matatu zimejaa katikati. Abiria anataka kushuka karibu na anakoenda, na kama ana gunia la viazi anataka karibu zaidi. Steji ikae umbali ambao kogo na goti lake anaweza kutembea mpaka sokoni.

Tano, kaunti na KeNHA wakae meza moja na kuchora sehemu za kushushia abiria nje kabisa ya lami, zenye ukingo, ili gari likisimama liwe limetoka barabarani lote. Vibanda vikae nyuma ya hizo sehemu. Mkihamisha gari kwanza, mama wa kabeji atahama mwenyewe bila kufukuzwa. Mkimhamisha yeye kwanza, atarudi, kwa sababu wateja wake hawakuhama.

Na sita, malori ya kushusha saruji, unga na soda yashushe alfajiri kabla mji haujaamka, au jioni. Hii haihitaji bajeti yoyote, inahitaji tu makubaliano na wenye maduka.

Kuna mzee mmoja nilimwambia haya akaniambia, "Wewe unataka kutunyanyasa sisi tulionunua magari kwa jasho letu." Nilimheshimu, nikamjibu hivi: mzee, gari ni lako kabisa. Lakini lile eneo lililo chini ya magurudumu ni la watu wote, na wengi wa hao watu hawana gari. Ukilitumia kwa saa moja, tumekukaribisha mjini. Ukilitumia kutwa nzima, umejikatia ploti barabarani.

Najua pia kuna hofu ya wenye maduka, na siidharau. Biashara ni ngumu na mtu anaogopa mabadiliko. Kwa hivyo tusianze na mji mzima. Tuanze na barabara moja tu, kwa miezi mitatu. Tuhesabu plate kabla na baada, wenye maduka wenyewe waseme kama mauzo yamepanda au yameshuka. Ikifeli, tuache. Ikifaulu, twende barabara ya pili.

Kila mwaka kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, na humo ndimo ada za pakingi zinaandikwa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada inayotozwa bila sheria. Na kabla ya hiyo sheria kupita lazima wananchi waulizwe maoni. Sasa tuambiane ukweli, wasee: mkutano wa maoni huwa unahudhuriwa na nani? Sisi vijana tunaona tangazo, tunapita. Halafu ada ikipanda tunapiga kelele mitandaoni. Nami nimo kwenye hiyo hesabu, nimewahi kupita karibu na ukumbi wa mkutano kama huo nikienda kutengeneza video.

Mwaka huu naenda. Nimeshaweka daftari langu la plate kando. Ukitaka kunisaidia, chagua barabara yako moja, siku moja, chai moja, uandike kila nusu saa. Tukiwa kumi tuna barabara kumi, na mwakilishi wadi hawezi kutuambia hatujui tunachosema.

Na kogo nitaenda naye. Nimemwambia atasimama aeleze mambo ya lori na leso yake. Amekubali, ila ametoa sharti moja: tusishukie kando ya barabara kuu.